Kutunga benga ndani ya Minecraft: mraba wa bloku za nota hatua kwa hatua

Ukifuata mwongozo huu mpaka mwisho utakuwa na mraba wa bloku 9 kwa 9 ndani ya Minecraft (mchezo wa video wa kujenga kwa bloku), unaopiga gita, besi na ngoma kwa pamoja, kwa mwendo wa benga, na unaojirudia wenyewe mpaka uuzime. Huhitaji kujua kupiga ala yoyote. Ukiwahi kuimba kwaya na ukafundishwa do re mi, tayari una nusu ya kazi.

Michezo ya video yenye muziki iko mingi, lakini mingi humtaka mchezaji afuate wimbo wa mtu mwingine: taa inawaka, unabonyeza. Ile inayokuacha utunge ni michache. Mjapani Toshio Iwai alitengeneza Otocky mwaka 1987, ambapo kila risasi unayofyatua inatoa nota, na Nintendo wakatoa Mario Paint mwaka 1992, ambamo unapanga picha ndogo kwenye mistari ya muziki. Dreams ya mwaka 2020 ina studio kamili ndani yake, ila ni ya PlayStation. Tumechagua Minecraft kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wengi wa Nairobi wanayo tayari, kwenye simu au kwenye kompyuta. Pili, inakulazimisha uhesabu muda wewe mwenyewe, pigo kwa pigo, na anayejua kuhesabu hivyo hatapotea atakapohamia programu ya studio.

Chagua kasi kabla ya kuweka bloku hata moja

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaanza na sauti, wanaweka bloku thelathini, halafu wanagundua wimbo haukubali kukaa kwenye mwendo waliousikia kichwani. Wakati huo hakuna dawa ila kubomoa.

Sababu ni saa ya mchezo wenyewe. Ishara ya redstoni, yaani umeme wa ndani ya mchezo, hutembea kwa tiki, na kwa sekunde moja kuna tiki 10. Kifaa cha kuchelewesha ishara, ripita, kina nafasi nne tu: tiki 1, 2, 3 au 4, yaani sekunde 0.1 hadi 0.4. Huwezi kuweka moja na nusu. Kwa hiyo kasi zinazopatikana ni chache, na inafaa uzijue kwa kichwa.

Tuseme kila pigo limegawanywa mara mbili, kama unavyohesabu "moja-na, mbili-na". Ukiipa kila nusu tiki 2, pigo zima ni sekunde 0.4, na hiyo ni mapigo 150 kwa dakika. Ukiipa tiki 3, unapata mapigo 100. Tiki 4, mapigo 75. Tiki 1 inakupeleka mapigo 300, ambayo hayachezeki. Kati ya 100 na 150 hakuna mgawanyo ulio sawa. Mapigo 120, ambayo ni kasi ya kawaida kabisa ya nyimbo za dansi, yanahitaji tiki 5 kwa pigo, na 5 haigawanyiki kwa 2. Unaweza kupanga 3 kisha 2, lakini nusu ya kwanza itakuwa ndefu kuliko ya pili na mdundo utachechemea. Kuna nyimbo zinazopendeza zikichechemea hivyo. Benga si mojawapo, kwa sababu gita lake hutiririka sawasawa.

Kama una wimbo unaokuongoza, pima kasi yake: gonga meza ukifuata mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Ukipata karibu na 150, umebahatika. Ukipata 130, amua sasa kama utauharakisha au utauchagua mwingine. Sisi tunaujenga huu kwa mapigo 150.

Jambo la kando linalookoa muda: kabla ya kufungua mchezo, ingia kwenye kivinjari na utafute Song Maker ya Chrome Music Lab. Ni bure, haikudai kujisajili, na inafanya kazi hata kwenye simu. Weka kasi 150, gawanya kila pigo mara mbili, uchore wazo lako na ulisikilize. Kurekebisha mraba wa rangi ni mguso mmoja, ilhali kurekebisha bloku ni kuchimba.

Do re mi kwa hesabu za mibofyo

Bloku ya nota ina sauti 25, kuanzia 0 hadi 24. Ukiiweka iko kwenye 0. Kila ukiibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, au ukiigusa kwenye simu, inapanda nusu hatua moja. Ikifika 24, mbofyo unaofuata unairudisha 0. Haishuki, kwa hiyo ukipitiliza huna budi kuzunguka mpaka mwanzo.

Sauti hizo 25 ni oktavu mbili kamili. Njia rahisi ingekuwa kuweka do kwenye 0, lakini hapo hutakuwa na so ya chini, na besi inaihitaji. Kwa hiyo tunaweka do kwenye 6, ambayo kwa wapiga piano ni C. Andika hizi kwenye karatasi uibandike karibu na skrini:

so ya chini 1, la ya chini 3, ti ya chini 5
do 6, re 8, mi 10, fa 11, so 13, la 15, ti 17
do ya juu 18, re ya juu 20, mi ya juu 22, fa ya juu 23

Ukitaka kuhamisha wimbo mzima juu au chini ili umfae mwimbaji, ongeza au punguza idadi ileile kwa kila nota. Hakikisha tu hakuna inayotoka nje ya 0 na 24.

Ala inaamuliwa na kilicho chini ya bloku ya nota. Sufu chini yake inatoa gita. Mbao inatoa besi. Jiwe ni ngoma kubwa, mchanga ni ile ngoma kavu ya kuitikia, na kioo ni mlio mfupi wa "ti" unaojaza nafasi. Udongo wa mfinyanzi ni filimbi, bloku ya dhahabu ni kengele ndogo, bloku ya mfupa ni marimba kali, bloku ya chuma ni marimba ya chuma, nyasi kavu zilizofungwa ni banjo. Udongo wa kawaida, nyasi au hewa tupu hutoa kinubi, kinachosikika kama piano laini. Mbofyo 6 ni do kwenye ala zote za sauti, ila besi iko oktavu mbili chini ya kinubi, gita oktavu moja chini, filimbi moja juu, na kengele mbili juu.

Kuandaa uwanja

Fungua dunia mpya ya Creative (hali inayokupa kila bloku bure), tambarare, na uweke kiwango cha Peaceful ili usisumbuliwe na mazimwi. Dunia tambarare ina nyasi juu na udongo chini yake, jambo litakalotusaidia kwenye mchanga.

Ingia kwenye mipangilio ya sauti. Zima muziki wa mchezo wenyewe, la sivyo utakuja kuingia katikati ya kazi yako bila hodi. Kwenye toleo la Java, yaani lile la kompyuta, angalia pia kitelezi cha Jukebox/Note Blocks: kikiwa chini, utajenga kitu kizima na usisikie chochote.

Vifaa ni bloku za nota 40, ripita 16, sufu 16, mbao 8, jiwe 8, kioo 8 na kitufe kimoja cha jiwe. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika Note Block na Redstone Repeater. Anayetaka kuyafanya haya kwenye Survival, hali ya kujitafutia kila kitu, ajiandae: kila bloku ya nota inakula mbao 8 na redstoni 1, kwa hiyo bloku 40 ni mbao 320, sawa na magogo 80. Ripita moja ni mawe 3 ya aina ya Stone, mienge ya redstoni 2 na redstoni 1. Jumla ya redstoni inafika 88. Jenga kwanza kwenye Creative mpaka wimbo ukuridhishe, ndipo ukakate miti.

Kuweka pete ya gita

Pima mraba wa bloku 9 kila upande. Ukiuzunguka utapata nafasi 32. Pembe zote nne ni za nota, na kutoka kila pembe unaruka nafasi moja: nota, wazi, nota, wazi. Kila upande, ukihesabu pembe zake zote mbili, una nota tano na nafasi wazi nne. Jumla ni nota 16 na nafasi wazi 16.

Kwenye kila nafasi ya nota, chimba bloku moja ya nyasi, weka sufu kwenye shimo, kisha weka bloku ya nota juu yake. Zoea tangu sasa kushikilia Shift kila unapoweka kitu kikigusa bloku ya nota. Usipofanya hivyo, mbofyo wako utahesabiwa kama kupandisha sauti, na hutajua hadi nota moja ianze kulia kombo.

Sasa ripita kwenye nafasi wazi. Tembea kuzunguka mraba kwa mwelekeo wa saa, ukiangalia mbele unakoelekea, na uweke ripita moja kwenye kila nafasi. Ripita hutoa ishara upande unaoangalia ulipoiweka. Ile mienge miwili midogo juu yake itakuthibitishia: usiosogea uko upande wa kutokea. Ikianza, ripita iko kwenye tiki 1. Bofya kila moja mara moja tu ili iwe 2.

Mpangilio huu unafanya kazi kwa sababu bloku ya nota hupitisha ishara. Ripita inaisukuma, inalia, na ripita inayofuata inaichukua ishara kutoka kwenye bloku hiyohiyo. Kwenye pembe ripita inayofuata hutokea ubavuni badala ya mbele, na ishara inakunja kona bila waya wowote.

Sasa weka sauti. Chagua pembe moja iwe hesabu ya 1, kisha fuata mwelekeo wa ripita. Kila upande wa mraba ni nota nne, na hizo nne ni rangi moja ya wimbo:

Upande wa kwanza: 6, 10, 13, 10
Upande wa pili: 11, 15, 18, 15
Upande wa tatu: 13, 17, 20, 17
Upande wa nne: 18, 13, 10, 13

Kwa do re mi ni hivi: do mi so mi, fa la do la, so ti re ti, do so mi so. Kwenye toleo la Java, bonyeza F3 na ulenge bloku, utaona namba yake upande wa kulia wa skrini. Unaweza pia kuruka kubofya kabisa kwa kusimama palepale na kuandika amri /setblock ~ ~ ~ note_block[note=13]. Kwenye simu namba haionekani, kwa hiyo hesabu kwa sauti kila unapogusa. Kama umetatizwa katikati na umesahau ulipofika, vunja bloku uiweke upya, maana kubahatisha kutakugharimu zaidi.

Kitufe kinakaa upande wa nje wa nota ya 16, ile ya mwisho kabla ya kurudi kwenye pembe ya kwanza. Shikilia Shift ukikiweka. Bonyeza. Utasikia so moja ya kuingilia, kisha gita zima linaanza na halikomi. Mzunguko mmoja ni nota 16 kwa tiki 2, yaani tiki 32, sekunde 3.2.

Kuzima, vunja ripita yoyote. Kuwasha tena, irudishe, ibofye mara moja, kisha ubonyeze kitufe.

Besi na ngoma

Zima pete kwanza. Kila bloku ya nota kwenye pete ina pande nne za ubavuni: moja ishara inaingia, moja inatoka, mbili ziko huru. Bloku nyingine ya nota ukiiweka kwenye upande ulio huru, italia papo hapo na ya katikati. Kwa njia hii kila hesabu inaweza kubeba sauti tatu.

Besi inakaa nje ya mraba, kwenye hesabu zisizogawanyika kwa mbili: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13 na 15. Chimba, weka mbao, bloku ya nota juu. Sauti zake kwa mfuatano huo ni 6, 10, 11, 15, 13, 17, 6, 1.

Ngoma inakaa ndani ya mraba. Jiwe chini kwenye hesabu zilezile za besi, kioo chini kwenye hesabu zilizobaki. Tofauti iko pembeni: kwenye pembe hakuna upande huru wa ndani, pande zote mbili huru ziko nje, kwa hiyo besi na ngoma zote mbili zinakaa nje, kila moja upande wake. Ngoma kubwa iache kwenye 0 ili iwe nzito. Kioo kipandishe kuelekea 12 au zaidi kama unataka mlio mkali.

Washa. Ikiwa ngoma inakuchosha kwa kuwa sawa mno, badilisha kioo cha hesabu ya 8 na ya 16 uweke mchanga. Hilo jambo dogo linabadilisha sana, kwa sababu sikio linapata mahali pa kujua kipande kimekwisha. Mchanga huanguka ukikosa kitu chini yake. Hapa kuna udongo chini ya shimo, kwa hiyo utakaa, lakini ukijenga hewani uwekee bloku ya kuushikilia.

Kitu kimoja kuhusu besi ambacho huwatatiza watu wanaojenga kwenye simu: spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini kiasi hicho. Do ya besi hapa ni kama mitetemo 65 kwa sekunde. Utadhani bloku zimekufa. Sikiliza kwa erifoni kabla ya kuanza kubomoa. Zile za kawaida zinazouzwa Luthuli Avenue zinatosha kwa kazi hii.

Ikigoma

Nota moja haisikiki, nyingine zote ziko sawa. Angalia juu yake. Bloku ya nota inahitaji hewa tupu juu, na hata vumbi la redstoni likiwa pale linainyamazisha. Ajabu ni kwamba ishara inaendelea kupita, ndiyo maana wimbo hausimami na huoni kosa liko wapi.

Wimbo unafika mahali na kufa. Hapo kuna ripita iliyogeuka, au umeweka kioo kwenye njia ya ishara. Kioo hakipitishi. Kinafaa kukaa chini ya bloku ya nota tu. Ukitaka kimya kwenye hesabu fulani, ondoa bloku ya nota uweke jiwe la kawaida mahali pake: ishara itapita bila sauti, na mapigo hayatavunjika.

Nota mbili zinalia pamoja wakati zinatakiwa kufuatana. Zinagusana ubavuni. Hata bloku ya besi ikigusa bloku ya pete isiyo yake, itaamshwa nayo. Kwa vipimo vya mraba huu hazigusani, kwa hiyo umehesabu nafasi vibaya mahali fulani.

Kila kitu kinasikika mara mbili, kama mwangwi. Umebonyeza kitufe mara ya pili wakati ishara ya kwanza bado inazunguka. Sasa kuna ishara mbili ndani ya pete. Vunja ripita moja, subiri sekunde nne, anza upya.

Pete inalia mara moja kisha inanyamaza kabisa, ripita zote zikiwa zimewaka. Hili hutokea kwa wanaojaribu pete ndogo. Kitufe cha jiwe hutoa ishara ya tiki 10, na cha mbao 15. Kama mzunguko wote ni mfupi kuliko ishara yenyewe, kichwa chake kinakuta mkia bado uko, na pete inabaki imewaka daima. Nota hulia tu pale ishara inapoingia upya, kwa hiyo hakuna kitakacholia.

Mwendo unapungua na kuongezeka. Hesabu zako ziko sawa, ni kifaa kinachoelemewa. Tiki 10 kwa sekunde hupatikana kama mashine inamudu, na simu iliyopata moto baada ya saa nzima inaanza kuburuta. Punguza umbali wa kuonekana kwenye mipangilio, funga programu nyingine, iache ipoe. Kwenye seva yenye wachezaji wengi huna udhibiti huo, kwa hiyo jenga na urekodi kwenye dunia yako mwenyewe. Faida nyingine ni kwamba dunia hiyo haihitaji bando wakati wa kucheza.

Kuugeuza kuwa chakacha

Chakacha ya Pwani inahesabiwa kwa sita, pigo likigawanywa mara tatu, na hapa saa ya Minecraft inatupendelea. Weka ripita kwenye 2: mara tatu ni tiki 6, sekunde 0.6, mapigo 100 kwa dakika. Ni mwendo mzuri wa kuchezeka.

Mraba unakuwa 7 kwa 7. Nafasi 24, nota 12, ripita 12, na kila upande wa mraba ni pigo moja lenye nota tatu. Ngoma kubwa weka hesabu ya 1, 4, 7 na 10, ambazo zote ni pembe. Kioo weka 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Kwenye 1 na 7 vinakutana, na kwa kuwa ni pembe, pande mbili huru za nje zinavitosha vyote viwili. Ngoma kubwa inahesabu mbili wakati kioo kinahesabu tatu ndani ya muda uleule, na mvutano huo ndio unaoamsha kiuno. Kama husikii mvutano wowote, umeweka kioo kwenye kila hesabu. Kwenye njia ya kati weka kinubi au marimba ya mfupa badala ya gita, na uache angalau hesabu nne ziwe kimya kwa jiwe la kawaida. Melodia ikijaza hesabu zote 12, ngoma hazitasikika.

Kuongeza melodia ndefu juu ya pete

Gita la sekunde 3.2 likijirudia peke yake litachosha. Melodia inahitaji angalau mara mbili ya urefu huo. Zungushia mraba wa 9 kwa 9 mraba mwingine wa 17 kwa 17 wenye kitovu kilekile: utakuwa na nota 32, ripita 32 zote kwenye 2, jumla tiki 64. Kwa kuwa 64 ni 32 mara mbili kamili, pete hizo hazitaachana kamwe. Ukikosea ripita moja tu ikawa 3, zitaanza kupishana kwa sehemu ya kumi ya sekunde kila mzunguko, na baada ya dakika moja ni vurugu.

Kuanzisha pete zote kwa pamoja kunahitaji uangalifu. Ondoa kitufe cha zamani. Kati ya nota ya 16 ya ndani na bloku ya pete ya nje inayotazamana nayo kuna nafasi tatu. Ya katikati weka vumbi la redstoni. Mbili za pembeni weka ripita, moja ikielekea ndani na nyingine ikielekea nje, zote kwenye tiki 1. Kitufe kiweke ardhini kando ya lile vumbi. Usijaribu kuokoa ripita hizo mbili kwa kutumia vumbi tupu: ishara ya pete ya ndani itapita kwenye vumbi na kuishtua pete ya nje kila mzunguko. Bloku ya nje inayopokea ishara hiyo ihesabu kuwa ya 32, na inayofuata ndiyo ya 1 ya melodia yako.

Tumia filimbi, na uanze na jiwe la kawaida kwenye hesabu zote 32. Kisha badilisha chache tu ziwe nota. Bloku ya nota haiwezi kushikilia sauti ndefu, kwa hiyo ukitaka nota iliyovutwa, irudie mara mbili tatu mfululizo kama mpiga gita anavyokwaruza uzi mmoja. Hesabu za 1 na 17 ziangukie do, mi au so, na za 9 na 25 ziangukie so, ti au re, na utakuwa salama juu ya lile gita, maana hizo ndizo sauti linazopiga kwenye upande huo.

Kurekodi

Bloku za nota hazina kitelezi cha sauti kubwa na ndogo. Kinachobadilisha nguvu ni umbali wako, na kwenye Java ukifika bloku 48 kutoka kwenye nota huisikii tena. Kwa hiyo mahali unaposimama ndipo mizani ya wimbo. Simama katikati kabisa ya mraba kwanza. Ngoma zikizidi, kwa sababu zipo ndani na karibu nawe, ruka ukae bloku tano au sita juu ya kitovu, na zote zitakaribiana. Ukishapata mahali, usigeuze kichwa wakati unarekodi, kwani sauti itahama kutoka sikio moja hadi jingine.

Kwenye kompyuta tumia OBS Studio, ambayo ni bure, na uzime maikrofoni humo ili usirekodi honi za matatu za nje. Kwenye simu tumia kirekodi cha skrini kilichomo ndani yake na uchague sauti ya ndani. Acha pete izunguke mara mbili kabla ya kuanza kurekodi ili kifaa kitulie. Rekodi mizunguko 10 ya pete ya ndani, ambayo ni sekunde 32, ukiongeza kidogo mbele na nyuma, kisha ukate hasa pale ngoma ya hesabu ya 1 inapoanza, mwanzo na mwisho. Kipande kilichokatwa hapo kinajirudia bila mshono, na rafiki yako anaweza kurap juu yake kwa muda anaotaka. Stima ikikatika katikati ya kurekodi kwenye kompyuta, faili la mp4 mara nyingi halifunguki tena. Weka OBS ihifadhi kwa mkv, na sehemu iliyokwisha kurekodiwa utaikuta.